Wiki Ishirini na Mbili za Riziki

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa kabati la dawa, nikasaini, nikabeba ndoo yangu na kitambaa changu, nikaenda nyumbani. Wadogo zangu wawili wa kazi wanaobaki katika chumba cha CPN, yaani kliniki ya wanawake wenye mimba, walinisindikiza mpaka barabarani. Waliniomba niwaandikie yale niliyoyajua. Niliwajibu kwamba niliyoyajua yamo katika vitabu vya shule, na vitabu hivyo wao wamevifunga juzi, mimi zamani. Mmoja akacheka: “Basi, Mama, utuandikie yale ulikuwa unashuku.” Hilo naliweza. Kushuku ndiyo kazi niliyoifanya kweli miaka yote, na mara moja niliifanya vibaya. Nitafika huko.

Nilizaliwa Masisi, kwenye vilima vya maharage na mihogo, ambako asubuhi mtu hutoka na sweta. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Walikale, msituni, ambako sweta huota ukungu ndani ya sanduku. Nilifika na diploma, viatu vyeupe na imani kubwa juu yangu mwenyewe. Aliyenipokea alikuwa Mama Agathe, mkunga mzee wa kituo kile. Diploma hakuiangalia. Alinishika mikono, akaiachia upesi.

“Iko baridi,” alisema. “Utagusa tumbo ya muntu na hii mikono, tumbo itajikaza kama jiwe, kisha utaandika uongo.”

Akanipa termosi ya maji ya moto niikumbatie. Siku yangu ya kwanza ya kazi niliimaliza kwenye benchi, nimekumbatia termosi kama mtu aliyefiwa.

Siku ya pili alinifunga macho kwa kitambaa. Wanawake watano walikubali kwa kicheko, wakalala mmoja baada ya mwingine, nami nikatafuta kwa ubavu wa mkono wa kushoto ukingo wa juu wa mji wa mimba. Uko chini ya kitovu? Uko kwenye kitovu? Umepita juu yake vidole vingapi? Metre, ule utepe wa kupimia, Mama Agathe aliuacha mfukoni mwake. “Mikono kwanza. Metre inakuja kisha, kuuliza kama mikono ilisema kweli.” Nilipokosea, mama aliyelala alinisahihisha mwenyewe: “Panda kidogo, mwanangu. Umenipunguzia mwezi muzima.”

Mama Agathe alishuku kila kitu. Kila asubuhi aliishuku mizani: aliweka juu yake dumu la lita tano lililojaa maji, na kama haikutaja kilo tano na uzito mdogo wa dumu lenyewe, siku hiyo haikumpima mtu. Vidonge vya sokoni alivinusa, akavivunja, akavitia majini. Vile vya kuzuia malaria, vitatu kwa mara moja, aliwapa wanawake mkononi pamoja na kikombe cha maji, kisha akangoja. “Fungua mudomo. Inua ulimi.” Wanawake wenye watoto sita nyumbani waliinua ulimi. Siku moja mmoja alikasirika, akamwambia, “Mama Agathe, unanichukua kama mwizi?” Naye akamjibu kwa upole kabisa: “Wewe hapana, mama. Kidonge ndiyo, hicho njo niko nashuku. Kinajua kujificha.”

Jambo alilolishuku kuliko yote ni miezi. Mnajua desturi ya kwetu, iwe Masisi au Walikale: mimba haihesabiwi mbele ya watu. Ukiitaja miezi yake, mwenye jicho baya atajua ni lini aifunge kwa uchawi. Kwa hiyo mwanamke huificha chini ya kitenge mpaka kitenge kikatae, ndipo anakuja kwetu, mara nyingi mwezi wa tano. Na ukimuuliza, anatazama ukuta: “Iko kidogo tu, Mama.” Mmoja aliniambia ana miezi mitano, akazaa mtoto mnene kabla sijamaliza kujaza fishi, yaani kadi yake ya kliniki. Baada ya mwaka wa kwanza nilikuwa nimejifunza: mdomo husema lolote, metre husema kweli. Hilo la pili Mama Agathe hakunifundisha. Nililiongeza mwenyewe.

Sasa nizungumze kidogo juu ya miezi ile ya katikati, kuanzia wa nne hadi mwisho wa wa sita, kwa sababu ninyi wakunga wachanga mnaipenda kupita kiasi. Ni miezi mizuri, ndiyo. Kichefuchefu kimeondoka, mama anakula, amerudi shambani, hana habari na ninyi. Hapo ndipo muwe macho. Mimba inayolalamika hufuatwa na kila mtu. Ile inayonyamaza hakuna anayeiuliza kitu.

Mwanzoni mwa wakati huo mtoto ana uzito kama wa mayai mawili tu, lakini ameshakamilika vidole. Mji wa mimba unatoka ndani ya nyonga, na wiki ya kumi na sita unaukuta nusu ya njia kati ya mfupa wa kinena na kitovu. Wiki ya ishirini umefika kwenye kitovu, na mtoto anakaribia uzito wa hindi moja bichi na urefu wa robo mita. Mwili wake umefunikwa na vinyweleo laini na mafuta meupe yanayomkinga na maji anamoogelea. Wiki ya ishirini na nne amepita nusu kilo. Analala, anaamka, anameza, anapiga teke. Mwenye mimba ya kwanza huanza kumsikia karibu na wiki ya ishirini. Aliyekwisha kuzaa humsikia mapema zaidi, kwa sababu anajua anachokisikiliza. Wengi huniambia ni kama samaki anayegeuka. Wengine wanadhani ni gesi ya maharage, na siwacheki, maana maharage yetu nayo yana nguvu.

Na mama mwenyewe anabadilika. Mstari mweusi unashuka kutoka kitovuni. Uso unaota mabaka ya kahawia, na hapo jirani anashukiwa kwamba ametega kitu. Mwambie kwa utulivu kwamba ni mimba tu, na kwamba mengi ya hayo hufifia baada ya kuzaa. Damu yake inaongezeka maji, kwa hiyo akisimama ghafla anapata kizunguzungu. Chakula kinapanda kifuani na kuunguza. Mguu unakakamaa akiwa amelala. Akikohoa au akigeuka, anachomwa kinenani, kwa sababu kamba zinazoshika mji wa mimba zinavutwa. Yote hayo msiyaogope, yaelezeni. Elezeni mara tatu kama inabidi. Mama aliyeelewa hatembei usiku kwa mganga wa majani.

Lakini kope la ndani likiwa jeupe, shukuni. Muulizeni kama anakula udongo, na kama vidonge vya damu anavimeza au anavitupa kwa kuogopa choo cheusi. Uso ukivimba, kichwa kikiuma bila kuachia, macho yakiona cheche, msikubali neno lolote la kutuliza, hata likitoka kinywani mwa mama mwenyewe.

Hili nililijifunza upande wa Pinga, nilikokaa miaka kadhaa baadaye. Huko unafika kwa pikipiki, na mvua ikinyesha, pikipiki ndiyo inayofika kwako ikibebwa. Aliletwa msichana mwenye mimba ya miezi sita, uso umejaa, vidole vimejaa. Aliyemsindikiza, shangazi ya mumewe, alikuwa na furaha tele. “Angalia vile amenona! Kwetu anakula.” Msichana mwenyewe alitabasamu, akasema anaona vizuri, ila taa zetu ndizo zina nyota. Ilikuwa mchana na hatukuwa na taa. Nilimfunga mashine ya presha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliishuku mashine; zote mbili ilisoma juu mno. Kisha nikasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita. Shangazi alinitukana njia nzima kwamba namwonea wivu mtoto wao kwa kunona. Hospitalini mama alipona. Mtoto hakuishi. Naandika hilo bila kulipamba, kwa sababu na ninyi litawapata, na siku hiyo mtataka kujua kama mkunga mwingine aliwahi kuamka kesho yake na kurudi kazini. Aliamka.

Kutoka Pinga nilipelekwa kituo kidogo cha kando ya njia, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka Kibua. Wakati huo nilikuwa mkubwa, nafundisha wengine, na hakuna aliyenishuku tena. Hali hiyo si nzuri kwa mkunga.

Metre yangu ilikuwa ya kitambaa kilichopakwa plastiki. Bati la mwanzo lilikuwa limeng'oka na nyuzi zikaanza kufumuka. Mpya iliombwa, na barabara ilikuwa imefungwa kama kawaida yake. Basi nilikunja mwanzo wa ule utepe, sentimita ya kwanza na ya pili zikaingia ndani, nikashona kwa uzi mweupe, kazi safi. Nilijua kwamba tangu siku hiyo lazima nitoe mbili katika kila kipimo. Siku za kwanza nilitoa. Kisha kukawa na wakimbizi wengi, wanawake arobaini kwenye benchi la watu kumi, na nikaacha kutoa. Sikuamua kuacha. Nilisahau tu, kama mtu anavyosahau kidonda kilichopona.

Katika wiki hizo alikuja Riziki. Mimba ya kwanza, mwaka wa pili wa ndoa, msichana mwenye sauti ndogo na macho yasiyoogopa. Mume wake, Deo, alikuwa anafanya kazi ya kubeba mizigo upande wa mgodi wa Bisie na kurudi nyumbani mara chache. Nilipomuuliza miezi, hakutazama ukuta.

“Nikimaliza hii wiki, iko miezi ine na wiki mbili hivi. Nimehesabu.”

Mwanamke anayehesabu! Nilishuku mara moja. Nikajiambia, huyu anaficha kitu kuliko wote. Nikamgusa: ukingo ulikuwa kwenye kitovu, sawasawa, wala kidole kimoja juu. Mtoto alikuwa ameanza kucheza wiki ile. Pembe ya kusikilizia ilinipa moyo wake kwa mbali sana, kama saa iliyofunikwa kwa nguo. Kila kitu kilisema ishirini. Metre, ambayo kuanzia hapo kila sentimita yake ni wiki moja, ikasema ishirini na mbili. Nikaandika ishirini na mbili.

Wiki tatu baadaye alirudi, siyo siku yake, akiwa na mama yake mzazi. Alikaa kwenye kiti bila kuambiwa.

“Wamenirudisha kwetu,” alisema.

Mama yake ndiye aliyeeleza. Deo alikuwa amekuja nyumbani kupumzika, akaiona fishi juu ya meza. Deo anajua kusoma, tena ana kalenda ya parokia ambamo anatia alama kila siku anayolala nyumbani. Akahesabu kurudi nyuma tangu tarehe ya kliniki. Fishi ilisema wiki ishirini na mbili. Kalenda ilisema yeye alifika nyumbani wiki kumi na nane na siku nne kabla ya kliniki ile, na kabla ya hapo hakuwa amekanyaga kijijini kwa miezi mitano. Mama yake Deo, Mama Vumilia, alimaliza hesabu kwa mdomo: mtoto alikuwa tumboni kabla mume hajafika. Mtoto asiye na baba hatapewa jina pale, na mke atafuata mtoto wake.

Nawaambia ukweli. Nilimtazama Riziki nikafikiri: kumbe kuna mtu. Nilikuwa tayari kumfariji, yaani nilikuwa tayari kumhukumu kwa sauti laini.

“Mwanangu,” nilianza, “kama kuna jambo unataka kuniambia, haya ni masikio ya muganga wa kliniki...”

“Nilishakuambia,” alinikata. “Nilikuambia miezi ine na wiki mbili. Uliniuliza, nikakujibu, haukuandika.”

“Metre ilionyesha ingine.”

“Basi mimi niko muongo, na metre iko mutu wa kweli?”

Nilimwambia alale nimpime tena. Mkono ulinipa vidole viwili na nusu juu ya kitovu, yaani wiki ishirini na tatu. Metre ilinipa ishirini na tano. Nikakaa nikiutazama ule utepe, halafu nikachukua karatasi nyeupe ya ofisi, ile ya kuandikia ripoti. Upande wake mrefu ni sentimita thelathini kasoro milimita tatu, popote duniani. Karatasi hizo hazina upendeleo. Nikatandaza metre juu yake. Ilisema karibu thelathini na mbili.

Nikaukunjua ule mshono mzuri wa uzi mweupe. Moja na mbili zilikuwa mle ndani, zimelala.

Mama yake Riziki aliuliza, “Kuna nini, Mama Muganga?” Nikamwambia, “Kuna mimi.”

Siku hiyohiyo tulikwenda kwa Mama Vumilia, mimi na mama yake Riziki. Riziki alikataa kuja. Deo alikuwa kwenye ua, kijana mrefu mwenye uso wa mtu asiyelala. Nikaeleza habari ya metre. Nikawaonyesha mshono, nikawaonyesha karatasi. Mama Vumilia alisikiliza hadi mwisho, mikono kifuani.

“Wamekupa kuku ngapi?” aliuliza.

“Hakuna kuku, mama. Nilikosa.”

“Tangu lini muganga anakuja kwa mutu kusema alikosa? Mimi nilizaa nane, hakuna hata mumoja alikuja kuniambia vile. Deo, shika akili. Huyu ametumwa.”

Deo aliingia ndani. Alileta kalenda, akaiweka magotini. “Toa mbili,” aliniambia. “Inabaki ishirini. Mimi niko na kumi na nane na siku ine. Hizo siku kumi zingine ni za nani?”

Swali lilikuwa zuri, na nilifurahi kwa sababu angalau alikuwa anauliza. Nilimweleza polepole, kama ninavyowaeleza ninyi. Siku ya mimba kuingia hakuna anayeiona. Siku inayoonekana ni ya kwanza ya damu ya mwezi, ile ya mwisho. Kwa hiyo sisi sote, kituoni na hospitalini, tunahesabu wiki tangu siku hiyo ya damu, ingawa mimba huingia kiasi cha wiki mbili baadaye. Wiki mbili za mwanzo kwenye fishi, tumbo bado ni tupu.

Deo aliinua macho kutoka kwenye kalenda. “Munahesabu mutoto mbele ya baba yake kufika?”

“Ndiyo, papa.”

“Na hamuandikake ile kwa fishi?”

“Hatuandikagi.”

“Njo mambo ya kuvunja nyumba za batu!” alisema, na kwa mara ya kwanza sikuona hasira yake ikielekea kwa mkewe.

“Maneno,” alisema Mama Vumilia. “Hiyo damu nani aliiona?”

Hapo mama yake Riziki akafungua mdomo. “Mwanangu amenituma kitu kimoja tu. Amesema muulize Mama Vumilia mwenyewe. Yeye njo anahesabuka damu yangu kila mwezi.”

Mama Vumilia alishusha mikono kutoka kifuani. Baadaye niliambiwa lile ambalo kijiji kizima kilijua: tangu mwaka wa kwanza wa ndoa Mama Vumilia alikuwa anamshuku mkaza mwana wake kuwa tasa. Kila mwezi alichungulia kamba ya nguo, na kila mwezi alitangaza kisimani, “Bado tu.” Hakuna daftari la kliniki lililokuwa safi kama kichwa cha mama yule.

Nikamuuliza bila ukali, kwa sababu mtu aliyebanwa ukutani husema uongo zaidi. “Mama, mbele ya Deo kufika, mulivuna maharage. Riziki alivuna?”

“Asubuhi tu.”

“Na mchana?”

Alichezesha ncha ya kitenge chake. “Nilimurudisha nyumba. Tumbo ilikuwa inamuuma.”

“Tumbo ya nini?”

“Ya... ya banamuke.”

“Uliona?”

“Nilimupa nguo mimi mwenyewe,” alisema kwa sauti ndogo. Kisha akaongeza, kwa kujitetea, “Tena nilimugombeza.”

Deo alikuwa tayari na kidole chake kwenye kalenda. “Mama. Siku nilifika, ulinipikia maharage mapya. Yalikuwa yamekauka?”

“Yalikaa juani wiki moja na kitu.”

Alihesabu miraba kwa kidole, midomo ikicheza. Akahesabu tena kutoka upande mwingine, maana naye ni wa damu ya kushuku; zilitoka siku kumi zilezile. Kisha akakunja kalenda, akavaa viatu, akatoka bila kuaga.

Mama Vumilia alinifuata mpaka njiani. Nilidhani anataka kunisindikiza. “Hiyo metre yako,” alisema, “imepima batu wengine wangapi?”

Swali hilo lilinitoa kituoni siku mbili. Nilifungua daftari, nikatoa majina ya wanawake wote waliopimwa tangu mshono ule. Walikuwa kumi na mmoja ambao nilikuwa nimewaandikia wiki kwa metre peke yake. Nilikwenda kwao mmoja mmoja, nikafuta, nikaandika upya, nikasaini pembeni. Wengine walinicheka. Mmoja alinifungia mlango, na nikaeleza kupitia dirishani. Metre mpya niliazima kwa fundi cherehani wa sokoni, nayo nikaipima kwanza kwa karatasi, mbele yake, akanuna.

Riziki hakurudi kwa mume wake. Deo alikwenda kwa wakwe siku ileile, akaambiwa Riziki amelala. Akaenda kesho yake, akaambiwa amekwenda shambani. Mara ya tatu Riziki alitoka mwenyewe mlangoni, akamwambia, “Ulinihesabia mbele ya batu. Nikitaka kukujibu, nitakujibu mbele ya batu. Kliniki ni Alhamisi.” Akafunga.

Alhamisi Deo akaja. Hakuna mwanamume aliyekuwa amekaa kwenye benchi lile tangu lijengwe. Riziki hakuja, siku yake haikuwa imefika. Wanawake walimsogezea nafasi katikati yao kwa makusudi.

“Papa Deo, mimba yako iko na miezi ngapi?”

“Mutoto ameanza kucheza?”

“Usile udongo, papa. Itakukausha damu.”

Alikaa mpaka mwisho. Alhamisi iliyofuata alikuja tena, akacheka kidogo na wao, akabeba maji ya kituo bila kuombwa. Ya tatu alikuja na Mama Vumilia, aliyebeba mkungu wa ndizi na kukaa mwisho wa benchi, uso umegeukia barabara.

Siku hiyo Riziki alifika. Alipita mbele yao wote, akaingia, akalala. Kisha akasema, “Aingie.”

Deo aliingia ameshika kofia yake. Nilipasha mikono, nikagusa, nikapima. Vidole vilisema ishirini na sita, na metre ya fundi cherehani ikasema ishirini na sita. Niliandika, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa siku tunayoanzia kuhesabu, jambo ambalo nawaomba na ninyi mlifanye kwenye kila fishi. Mtoto alikuwa anapiga kiasi kwamba kitenge kiliruka. Nikaanza kueleza, kama kawaida yangu. Nikamwambia Deo kwamba kwa wiki hizi masikio ya mtoto yanafanya kazi. Anasikia moyo wa mama yake, anasikia tumbo likinguruma, na sauti za nje zinamfikia, nzito, kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Baba akizungumza karibu na tumbo, mtoto anasikia.

“Anasikia kweli?” Deo aliuliza.

“Kweli.”

Alipiga magoti sakafuni. Alitazama tumbo, akamtazama mke wake, ambaye alikuwa anatazama dari. Akainama, akasema kwa sauti ya mtu anayeungama kanisani, “Niko baba yako.”

Riziki hakugeuza kichwa. “Sema kwa nguvu,” alimwambia. “Mama yako iko inje, hajasikia.”

Deo akavuta pumzi, akasema tena, na safari hii benchi lote la nje likasikia, mpaka mwishoni alikokaa Mama Vumilia.